Wenye maumivu ya kiuno tukutane hapa. Dawa za kuchua nilizopaka, na mazoezi yaliyonirudisha kwenye usukani

Msafiri wa Tunduma

Wakuu, salaam. Niko Tunduma mpakani, foleni ya malori haijasogea tangu alfajiri na simu ina chaji ya kutosha. Ule uzi wa kiuno niliowaahidi kule jukwaa la magari naushusha leo. Ni mrefu, wavivu wa kusoma mnaruhusiwa kupita.

Mimi ni dereva wa semi, huu mwaka wa 19, Dar kwenda Lubumbashi na kurudi. Umri 46. Kiuno kilinipata Ruaha Mbuyuni mwaka 2021. Tairi la tela lilipasuka, nikainama kuvuta jeki, nikasikia kama mtu kanipigilia msumari chini kabisa ya mgongo, pale mkanda wa suruali unapokaa. Hata kelele sikupiga. Niliganda nimeinama vilevile, mkono mmoja kwenye jeki. Utingo akadhani natafuta kitu nilichodondosha, akawasha tochi anisaidie kutafuta.

Kitonga siku ile nilipanda nimeegemea mlango. Kufika Iringa sikuweza kushuka mwenyewe, walinishusha kama mzigo.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua maana mmepitia. Zahanati ya kwanza nikachomwa sindano ya diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu, nikapata nafuu siku mbili. Nikaambiwa nilale tu. Nikalala siku tisa, ya kumi hata kwenda chooni nashika ukuta. Jirani akasema ni figo, nikapima, figo safi. Mjomba akasema ngiri. Shemeji akasema kuna mtu kazini hanitakii mema, na huyo sikubishana naye maana kazini kweli wapo. Nikanunua mkanda wa mgongo Kariakoo, ule mpana wenye vyuma, 45,000. Nikaufunga miezi minne mpaka ikawa nikiuvua najisikia niko uchi. Mwisho nikapigwa picha hospitali moja mjini. Daktari akaiangalia nusu dakika, akasema, "Pingili zimesagika, ya nne na ya tano. Tafuta kazi nyingine."

Ile kauli iliniumiza kuliko msumari wa Ruaha. Nilitoka pale natembea kama nimebeba trei ya mayai kichwani. Nikaacha kuinama, nikaacha kunyanyua ndoo, mtoto akinikimbilia namkinga kwa mikono asinikumbatie. Na maumivu ndiyo kwanza yakazidi.

Sasa tuje kwenye dawa za kuchua. Humu jukwaani sidhani kama kuna aliyepaka vingi kuliko mimi. Nimepaka vile vikopo vidogo vya Kichina, nimepaka mafuta ya mkaratusi, ya mnyonyo, ya habasoda, tangawizi iliyotwangwa ikafungwa na khanga, karafuu, pilipili. Stendi ya Msamvu niliuziwa kichupa cha mafuta ya simba, 20,000, muuzaji anaapa kwa kaburi la baba yake. Nilipofungua nikasikia harufu ya mafuta ya ng'ombe na kafuri. Utingo akaniuliza swali moja la akili: "Bosi, kama ni ya simba kweli si tunakamatwa na nyara za serikali?" Nikakitupa. Ama nimetapeliwa, ama nimebeba kesi.

Ukiondoa utapeli, zile za kweli niliziona za namna mbili: zinazowasha na zinazopoza. Zinazowasha ni jamii ya pilipili na tangawizi. Zinazopoza ni zile zenye mnanaa ndani, ukipaka unahisi upepo. Halafu kuna mafuta matupu, nazi au ufuta, ambayo kazi yote inafanywa na mkono wa anayekuchua, na haya msiyadharau. Mke wangu akinichua na mafuta ya nazi matupu kwa dakika kumi nalala usingizi ambao vidonge havijawahi kunipa.

Lakini zote, nasema zote, zilikuwa zinaishia palepale. Napaka, napata nafuu saa moja, nalala. Asubuhi niko vilevile.

Kilichobadilisha mambo ni mama mmoja wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi na viungo, kule Mbeya, mtu mzima, miwani imefungwa kamba. Nilimpelekea picha yangu kwenye bahasha. Hakuifungua. Akaniambia vua viatu, inama, simama kwa mguu mmoja, lala kifudifudi, nyanyua kichwa. Halafu akauliza:

"Ukishapaka hizo dawa zako unafanya nini?"

"Nalala, mama."

"Dawa imekupa saa nzima isiyouma, halafu wewe unailalia?"

Nikabaki namtazama. Akanipa utaratibu: kila nikipaka, nisubiri dakika kumi mpaka ishike, halafu niutumie ule muda wa nafuu kutembea na kufanya mazoezi matatu. Basi. Na mkanda niuvue, nianze na saa mbili kwa siku, mpaka niuache kabisa.

Wiki ya kwanza mazoezi yenyewe yalikuwa kichekesho. La kwanza, kulala kifudifudi kwenye mkeka dakika tano, halafu kujiinua kwa viwiko, kiuno kimelegea kama kitambaa kilicholowa. La pili, kulala chali magoti yamekunjwa, nyayo chini, unanyanyua makalio taratibu, unahesabu tano, unashusha. Nilianza na mara nne, ya tano miguu inatetemeka. La tatu, kupiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, unaukunja mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, halafu unaushusha taratibu. Baada ya hapo kutembea. Nilikuwa nazunguka gari, semi nzima, raundi nne. Dakika sita hizo, mbavu zinauma.

Mkeka nilikuwa natandika chini ya tela kwa sababu ya kivuli. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, madereva watatu walikuja mbio wakidhani nimegongwa.

Mwezi wa tatu wa mazoezi nikawa natembea nusu saa. Mwezi wa tano nilibadilisha tairi mwenyewe, kwa kuchuchumaa na kulisogeza karibu na mwili, si ile ya kuinama kama fisi. Ninavyoandika hapa sijapona kwa maana ya kusahau kwamba nina kiuno. Siku za baridi kule Makambako kinanikumbusha. Ila mwaka huu sijalala hata siku moja kwa ajili yake, na gari naendesha.

Leteni uzoefu wenu. Wataalamu kama mpo, rekebisheni nilipokosea.

Kijana wa Gongo la Mboto

Nakaa paleee na daftari langu.

dada_wa_mbezi

Hapo kwa utingo kuwasha tochi akutafutie ulichodondosha nimecheka mpaka bosi kaniangalia 😂. Pole sana mkuu.

Yakhe wa Wawi

Hodi hapa. Miye ni wa Pemba, nimekulia karibu na kiwanda cha makonyo hapa Wawi. Makonyo ndiyo vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Havitupwi, hukamuliwa mafuta, na upepo ukigeuka mtaa wote wanukia kama pilau.

N'na neno na nyinyi wa bara. Mafuta ya karafuu hayapakwi matupu, yakhe. Makali yake yanatokana na kitu kiitwacho eujenoli, na hicho ndicho kitiacho ganzi hata kwenye jino. Ukiyapaka yenyewe mgongoni yatakubabua ngozi, halafu useme dawa ya Wapemba mbaya. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi, utie matone matano au sita ya karafuu, changanya. Kwa mtu mzima yatosha. Watoto wadogo wasipakwe.

Bibi yangu alikuwa mkandaji. Akianza hagusi palipouma. Huanza mbali, kwenye mapaja na mabega, akija kiunoni misuli imeshachoka kugoma. Na akishakuchua hakuachi ulale, hukupa ufagio, fagia uwanja. Sisi watoto twaona ni roho mbaya. Leo nasoma huyo mama wa Mbeya namkumbuka bibi na ufagio wake.

Mama Tunu

Huyo bibi wa Pemba alikuwa mwalimu.

Mimi natengeneza ya pilipili hapa Tanga, nawapa bure, si siri. Pilipili kichaa, zile ndogo ndefu nyekundu, zikauke kabisa kivulini. Saga. Vijiko viwili vya chakula vya unga wake kwenye kikombe kimoja cha mafuta ya nazi. Usiweke sufuria moja kwa moja kwenye moto, weka bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, liache saa moja na nusu, unakoroga kila ukipita. Chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Yakiwa bado ya moto tia nta ya nyuki iliyoparwa, kipande kama kiberiti, itayeyuka. Mimina kwenye kikopo kikavu. Likipoa limekuwa malhamu, halimwagiki kwenye mkoba.

Wengi wanaharibu kwa kutia tangawizi mbichi. Tangawizi mbichi ina maji, maji na mafuta hayakai pamoja, wiki mbili ukungu umeota. Ukitaka tangawizi ikaushe kwanza ivunjike kama biskuti.

Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono ndani ya kiwiko, usubiri mpaka kesho. Usipake penye kidonda wala uliponyoa. Vaa mfuko wa nailoni mkononi. Na usipake halafu ukaenda kuoga maji ya moto, utaniita majina.

Utingo Mstaafu

Huo mfuko wa nailoni Mama Tunu kautaja kwa upole sana, acha mimi niutaje kwa machungu. Mwaka juzi nilimchua mzee wangu na dawa ya pilipili kama hiyo. Nimemaliza, nikanawa mikono kwa maji, nikaenda haja ndogo.

Sitaeleza zaidi. Nilikaa kwenye beseni la maji baridi na maji hayasaidii kitu. Mama akapitisha maziwa mgando mlangoni bila kuuliza.

dada_wa_mbezi

Maziwa mgando 😭😭😭

Fizio wa Nyanda za Juu

Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini, ule ukali wa pilipili, hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye mafuta. Ukijichafua, pakaa mafuta ya kula kwanza, futa kwa kitambaa, halafu ndiyo sabuni. Mama alikuwa sahihi, maziwa yana mafuta.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si yule wa Mbeya, ila ningejivunia kuwa yeye. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Kwanza hiyo pilipili si hadithi za vijiweni. Kapsaisini inashika kwenye mlango wa neva unaopokea taarifa ya joto kali. Neva inapiga kelele mwanzo, ndiyo ule moto, halafu ikisumbuliwa mara kwa mara inachoka na kupunguza kupeleka taarifa za maumivu. Aliyegundua mlango huo, David Julius, alipewa Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na mwenzake, na kitendea kazi chake kilikuwa hiyohiyo pilipili. Mnanaa una mlango wake mwingine, ule wa baridi. Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, na katika dawa za mimea ilizopitia, ya kupaka ya pilipili ndiyo iliyokubaliwa, tena kwa masharti. Tangawizi ya kupaka haikupita. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya mgongo kama tiba ya kawaida wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Umependekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa, tiba ya mikono na dawa za kundi la diklofenaki kwa uangalifu. Kwa hiyo Msafiri, zile 45,000 za mkanda samehe tu.

Pili, picha. Hili linaniuma kila wiki. Watafiti walichukua watu wasioumwa mgongo kabisa, wakakusanya picha zao. Wenye miaka 20, 37 kati ya 100 walikuwa na diski, ile mito laini kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, 96 kati ya 100. Hawaumwi hao! Ni kama mvi, zinaota ndani. Mtu wa miaka 46 kuambiwa pingili zimesagika, bila kupimwa kwa mikono, ni kumtisha, na mgongo wenye hofu unakaza misuli saa 24. Ile "trei ya mayai kichwani" naiona kliniki kila siku.

Tatu, kutembea. Wale wanaodharau kwa sababu ni bure: Australia walichukua watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona mgongo. Nusu wakapewa utaratibu wa kutembea na maelekezo ya mtaalamu, nusu wakaachwa. Utafiti ulitoka 2024. Kundi lililoachwa, mgongo uliwarudia baada ya siku 112 kwa mtu wa katikati. Waliotembea, siku 208. Hakuna kikopo cha stendi kinachokaribia hapo.

Zoezi la kulala kifudifudi alilopewa Msafiri lina kisa chake. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, fizio mmoja aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa akalale kitandani amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, mgonjwa akalala kifudifudi, mgongo umepinda kinyumenyume. McKenzie aliporudi alishtuka akidhani kamuua, kumbe maumivu ya mguu yamekwisha. Njia nzima imetoka hapo. Kanuni yake: ukifanya zoezi, maumivu ya mguuni yakipanda kuelekea kiunoni, endelea. Yakishuka kuelekea kwenye unyayo, acha, zoezi hilo si lako.

Mkulima wa Kitale

Daktari niulize kitu bila ubaya. Mimi nalima ekari tatu za mahindi kwa jembe na kupalilia mwenyewe. Nikija nyumbani niambiwe nifanye mazoezi? Si nimefanya tangu saa kumi na mbili asubuhi?

Fizio wa Nyanda za Juu

Mkulima, swali zuri na mimi si daktari. Umefanya kazi, ila mgongo wako umefanya jambo moja tu mara elfu mbili: kuinama mbele. Haujawahi kwenda nyuma. Misuli ya makalio, ambayo ndiyo ingebeba, imelala maana mikono na kiuno vinafanya yote. Kila ukimaliza mstari mmoja simama, viganja kiunoni, jipinde nyuma polepole mara tano ukitazama mbingu. Sekunde ishirini. Na urefu wa mpini uangalie. Mpini mfupi unakukunja kuliko mrefu, na fundi anaweza kukubadilishia.

Ustadh Kombo

Na wanaoswali nao wasipitwe. Rukuu na sijida, ukizifanya kwa utulivu bila kudonoa kama kuku, unaukunjua mgongo mara nyingi kwa siku. Mwenye maumivu makali dini imemruhusu aswali amekaa, asijitese.

Kiboko ya Maumivu

Mnahangaika bure!!! Ninayo dawa ya mizizi 7, kiuno, ganzi, nguvu za kiume, presha, uzazi VYOTE siku 3. Njoo PM haraka, punguzo mwisho wa mwezi.

Utingo Mstaafu

Ina mafuta ya simba ndani?

Mama Tunu

Mods, huyu kafika. Wadogo zangu, mtu akiwauzia dawa ya kunywa ya "mizizi" inayoondoa maumivu ndani ya saa moja, ogopeni. Nyingine zimesagiwa diklofenaki au steroidi humohumo, unafurahia nafuu, kumbe tumbo na figo vinaliwa. Ulizeni namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kupiga chenga, ondokeni.

Nesi wa Kijijini

Nimesita kuandika ila acha niandike, maana nimeona uzi umechangamka na hakuna aliyeligusa hili.

Baba yangu mdogo alichuliwa mgongo miezi saba. Mkandaji alikuwa mzuri, mafuta mazuri, kila jioni. Lakini maumivu yake hayakufanana na ya Msafiri. Yalikuwa mabaya usiku kuliko mchana, hata amelala hajagusa kitu. Suruali zikaanza kumpwaya. Jioni anatoka jasho, tunasema ni joto la pilipili. Siku moja yule mkandaji mwenyewe ndiye aliyestuka, akaniita, "Hebu shika hapa." Nikapitisha kidole katikati ya mgongo, nikakuta mfupa mmoja umejitokeza kama kifundo. Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake ni bure, alizimeza karibu mwaka mzima na yuko hai, ila mgongo umebaki na kibiongo.

Huku kwetu kwa wafugaji kuna nyingine, bruselosi, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa na kushika mimba za ng'ombe zilizotoka. Homa inayokuja na kuondoka, viungo, kiuno. Nayo inachuliwa sana.

Kwa hiyo kabla ya kikopo, jipime. Homa, kukonda bila sababu, maumivu yasiyojali umelala au umesimama, ulishawahi kuwa na saratani, au mzee wa kiume kiuno kimeanza ghafla na mkojo unasumbua: hospitali. Ulianguka na bodaboda ndipo kikaanza: hospitali, usiruhusu mtu akukanyage mgongo. Na hii ni ya usiku huohuo, usisubiri asubuhi: mkojo au haja kubwa vikigoma au vikitoka bila kujua, ganzi kati ya mapaja pale unapokalia tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili inalegea. Hapo neva zinabanwa na kila saa ina bei yake.

Msafiri wa Tunduma

Nesi, ahsante. Hili ningelipata 2021 ningelala usingizi, maana nilikuwa sijui lipi la kuogopa nikawa naogopa yote.

mama_kijacho

Samahani jamani, mimba ya miezi sita, kiuno kinaniua. Naweza kupaka hizo za Kichina?

Nesi wa Kijijini

Mdogo wangu, zile zenye harufu kali kama ya dawa ya meno mara nyingi zina salisilati, jamaa wa aspirini, na inapenya kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Kwenye mimba usijipakie mwenyewe, onyesha kikopo kliniki. Hata wanaomeza warfarini ya kuzuia damu kuganda wasizitumie bila kuuliza, wanaweza kutokwa damu. Na vikopo vyenye kafuri viwekwe mbali na watoto, mtoto akilamba kidogo tu anaweza kupata degedege.

Kwako wewe: mafuta ya nazi matupu na mkono wa mumeo, laleni mkizungumza. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Tembea jioni jua likipoa. Kikija kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, hicho si kiuno, kimbia kliniki.

Kijana wa Gongo la Mboto

Mkuu Msafiri, swali langu. Mimi naendesha bajaji masaa 13. Hayo ya mkeka nitayafanyia wapi? Nikitandika pale stendi ya Mombasa, hii ya huku kwetu Gongo la Mboto, watanirekodi.

Msafiri wa Tunduma

Mdogo wangu, wakurekodi tu, watakutafuta wenyewe viuno vikiwafika. Lakini nakuelewa.

Siku za safari mimi mkeka natandika mara moja tu, usiku. Mchana natumia mizani, vile vituo vya kupimia uzito wa malori. Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba, kila gari likisimama nashuka. Na kushuka nako kuna namna: nageukia gari, mkono huu, mkono ule, mguu. Zamani nilikuwa naruka kutoka kwenye kichwa cha gari kama kijana, mita na ushee, lile pigo lote linaishia kiunoni. Nikishuka, viganja kiunoni, najipinda nyuma mara tano, natembea hadi mwisho wa tela na kurudi. Pochi nimeitoa mfuko wa nyuma. Ilikuwa nene kwa risiti, nilikuwa nakalia kilima upande mmoja kwa miaka 15 sijui. Taulo nimelikunja kama chapati, naliweka nyuma pale kiuno kinapoingia ndani. Kiti nimekisogeza mbele, klachi naifikia goti likiwa limekunjwa kidogo.

Kwa bajaji, kila ukishusha abiria wa tano simama nje. Dakika moja. Hiyo stendi yenu ina wenye viuno wengi tu, wanajikausha.

Mama Tunu, nimepita Tanga mara moja tu maishani, ila hicho kikopo nitakitafuta. Cha kwangu kimebaki kidogo, nilimpa askari mmoja wa hapa mpakani, alikuwa anasimama kwa kushika meza.

Yakhe wa Wawi

Hiyo mizani ya Mpemba siyo yangu, mnisome vizuri.

Msafiri wa Tunduma

😂 Foleni imesogea gari mbili. Utingo amelala, ngoja nimwamshe. Mkeka wangu ndiyo ameufanya mto.